Kwa nini Herakles alifanywa mungu, na Achilles akaachiwa kaburi

Mwalimu mmoja wa fasihi katika shule ya sekondari ameniandikia swali ambalo wanafunzi wake walimbana nalo darasani. Anasema: "Herakles ni mwana wa Zeus na mwanamke wa kibinadamu, naye mwishoni anapokewa Olympos, makao ya miungu, na kuwa mungu. Achilles mama yake mzazi ni mungu, lakini anakufa na kubaki shujaa tu. Je, kwa Wagiriki wa kale tofauti ya mungu na shujaa ilikuwa nini hasa, na nani aliyeamua fulani avuke mpaka huo na fulani asivuke?"

Ndugu Mwalimu, nimefurahi kulipata swali hili, kwa kuwa ugumu wake unaanzia kwenye neno tunalolitumia sisi wenyewe. Tunaposema shujaa tunamaanisha mtu jasiri, aliyesimama asikimbie, na neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana hiyohiyo. Neno la Kigiriki tunalolifasiri hivyo, yaani heros, lina historia nyingine. Katika tenzi za kale za Homer, Iliad ya vita vya Troya na Odyssey ya safari ya Odysseus kurudi kwao, ni neno la heshima kwa watu wa zama zile, wala halidai kwamba anayeitwa hivyo amewahi kushika mkuki: Demodokos, mwimbaji kipofu wa baraza la mfalme, anaitwa heros, na Moulios, tarishi anayewachanganyia wageni divai, naye anaitwa heros. Lakini nje ya tenzi, katika ibada za miji ya Wagiriki, neno hilo lilikuja kuwa na maana nzito zaidi. Heros alikuwa mtu aliyekufa ambaye nguvu zake hazikufa pamoja naye. Amelala mahali panapojulikana, anaweza kuusaidia mji au kuudhuru, na kwa sababu hiyo mji unamtolea sadaka mwaka hata mwaka.

Wema haukuwa sharti la kupata cheo hicho. Mfano unaoshtua kuliko yote umehifadhiwa na Pausanias, msafiri wa karne ya 2 BK aliyeandika habari za mahekalu na makaburi ya Ugiriki. Bondia mmoja, Kleomedes wa kisiwa cha Astypalaia, alimwua mpinzani wake katika michezo ya Olympia, waamuzi wakamnyima ushindi, naye akarukwa na akili kwa majonzi. Aliporudi kwao aliingia katika shule iliyokuwa na watoto wapatao 60, akaing'oa nguzo iliyoshikilia paa, na paa likawaangukia watoto wale. Watu walipomfuata kwa mawe alikimbilia hekalu la Athena, akaingia ndani ya sanduku na kukivuta kifuniko juu yake. Walihangaika kukifungua wakashindwa, na hatimaye walipolivunja sanduku hawakumkuta, hai wala maiti. Wakatuma wajumbe Delphi, penye hekalu la utabiri la mungu Apollo, kumwuliza, na jibu likarudi kwamba Kleomedes ndiye wa mwisho katika heros, basi wamheshimu kwa sadaka kwa kuwa si mtu wa kufa tena. Tangu hapo watu wa Astypalaia wakamtolea heshima hizo. Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu hakuna ufafanuzi wowote wa kamusi unaoweza kuonyesha kwa uwazi kama huu kwamba heros hakuwa kielelezo cha tabia njema. Mji ulimheshimu kwa sababu nguvu zake zilitisha, na kifo chake kilikuwa kimepita mipaka ya kawaida.

Sasa tuje kwa miungu. Mungu wa Kigiriki hakutofautiana na mwanadamu kwa wema, wala kwa kujua kila kitu. Zeus mwenyewe, mfalme wa miungu, anahadaiwa na mkewe Hera katika Iliad, akalala usingizi wakati vita vinageuka nyuma ya mgongo wake. Kilichomtenga mungu na mtu ni jambo moja, kifo. Tenzi huwaita miungu athanatoi, wasiokufa, na wanadamu thnetoi, wenye kufa, na tofauti hiyo imo hata katika miili yao. Katika kitabu cha 5 cha Iliad, mpiganaji Diomedes anapomjeruhi Aphrodite, mungu wa mapenzi, mkononi, kinachotoka si damu bali majimaji yaitwayo ichor, na mtunzi anaeleza sababu: miungu hawali mkate wala hawanywi divai, kwa hiyo hawana damu na wanaitwa wasiokufa.

Wanafunzi wako, kama nilivyoelewa, wanadhani kwamba kuwa na mzazi mmoja wa kimungu kulitosha kumpa mtoto angalau nusu ya uungu. Homer mwenyewe amewajibu katika kitabu cha 16, katika kifo cha Sarpedon. Huyu ni mfalme wa Lycia, mwana halisi wa Zeus, na wakati Patroklos, rafiki wa Achilles, anamkaribia, Zeus anayumba moyoni: amnyakue mwanawe kutoka vitani akiwa hai, au amwache auawe? Hera anamkanya. Anamwambia kwamba mtu huyu ni wa kufa na majaliwa yake yamekwisha kupangwa zamani, na kwamba akimwokoa wake, kila mungu mwenye mwana katika vita vile atataka kumwokoa wa kwake. Zeus anakubali. Anaangusha matone ya damu ardhini kama mvua, kwa heshima ya mwanawe, kisha anawaagiza Usingizi na Kifo, ndugu wawili mapacha, waibebe maiti hadi Lycia ili jamaa zake wamzike kwa tuta na nguzo ya jiwe, kwa maana hiyo ndiyo haki ya waliokufa. Ukiwasomea wanafunzi wako sehemu moja tu ya Iliad, naomba iwe hii, kwa sababu mfalme wa miungu anaonekana humo akiwa baba anayelia, na bado mpaka haukuvukwa.

Kwa Achilles mpaka huo unauma zaidi. Mama yake, Thetis, mungu wa baharini, hakumpenda mwanadamu akamfuata kwa hiari. Zeus na Poseidon wote wawili walikuwa wamemtaka, mpaka ilipotabiriwa kwamba mwana atakayezaliwa naye atamshinda baba yake nguvu. Kama angemzaa na Zeus, ulimwengu ungepata mfalme mpya, jinsi Zeus mwenyewe alivyompindua baba yake Kronos. Basi wakamwoza kwa Peleus, mtu wa kufa, ili huyo mwana atakayemzidi baba amzidi baba ambaye kuzidiwa kwake hakutikisi mbingu. Kwa hiyo kufa kwa Achilles si bahati mbaya iliyompata kwa kukosa kinga. Amani ya Olympos imejengwa juu ya kifo chake, na ndiyo maana Thetis katika Iliad nzima ni mama anayemlilia mwanawe kabla hajafa. Kisa cha kisigino ambacho mama alikishika alipomtumbukiza mtoto katika mto Styx hakimo katika Iliad; tunakikuta kwa uwazi kwa Statius, mshairi wa Kilatini wa karne ya 1 BK, zaidi ya miaka 700 baada ya Homer.

Tofauti hii ya kufa na kutokufa ilionekana pia mahali pa sadaka. Aliyetoa sadaka kwa mungu wa Olympos alimchinja mnyama juu ya madhabahu iliyoinuliwa, mifupa ya mapaja ikafunikwa mafuta na kuchomwa ili moshi upande juu, na nyama ikapikwa na kuliwa na watu. Mshairi wa kale Hesiod anaeleza kwamba mgao huo ulitokana na hila ya Prometheus huko Mekone, alipoificha mifupa chini ya mafuta ya kuvutia na Zeus akaichagua. Wasomaji wa Biblia watakumbuka tukio la Listra katika Matendo ya Mitume 14, ambapo watu wanamwita Barnaba Zeu na Paulo Herme, na kuhani wa Zeu analeta ng'ombe na mashada ya maua hadi malangoni. Ni sadaka ya aina hii hasa iliyokuwa inaandaliwa, ng'ombe waliopambwa kwa karamu ya mungu na ya mji. Kwa heros, waandishi wengi wa kale wanaeleza namna nyingine: shimo au meko iliyo chini ardhini, damu inayomwagwa iingie udongoni, na mara nyingi mnyama mweusi. Huko Olympia, hatua chache kutoka hekalu la Zeus, palikuwa na ua wa heros Pelops, na kila mwaka alichinjiwa kondoo dume mweusi. Aliyekula nyama ya sadaka hiyo hakuruhusiwa kuingia kwa Zeus.

Ni lazima niongeze hapa sahihisho moja, kwa kuwa vitabu vingi vya zamani vya shule vimeigeuza tofauti hii kuwa kanuni isiyovunjika. Utafiti wa maandishi ya mawe, hasa kazi ya mwanazuoni wa Sweden Gunnel Ekroth iliyotoka mwaka 2002, umeonyesha kwamba katika sehemu nyingi heros alichinjiwa kama mungu, na watu wakala nyama pamoja. Sadaka ya kumwaga damu yote au kuchoma mnyama mzima ilikuwepo, lakini haikuwa ya kila siku. Kilichobaki kuwa alama ya kweli ya heros ni kaburi.

Kaburi lilimfunga heros mahali. Zeus aliabudiwa popote, lakini nguvu za heros zilikaa pale mifupa yake ilipo, na mji uliotaka nguvu hizo ulilazimika kuipata mifupa. Mwanahistoria Herodotus anasimulia jinsi Wasparta, waliokuwa wakishindwa kila mara na watu wa mji wa Tegea, walivyoambiwa na Delphi wailete mifupa ya Orestes, mwana wa Agamemnon. Msparta aitwaye Lichas aliigundua chini ya karakana ya mfua chuma huko Tegea, katika jeneza la dhiraa saba, yaani zaidi ya mita 3. Mifupa ikachimbwa kwa siri na kupelekwa Sparta, na tangu hapo, anasema Herodotus, Wasparta wakawa wanashinda. Waathene nao, karibu mwaka 475 KK, walipokea kutoka kisiwa cha Skyros mifupa iliyosemwa kuwa ya Theseus, iliyoletwa na jemadari Kimon kwa shangwe kubwa na kuzikwa katikati ya mji, na kaburi hilo likawa kimbilio la watumwa na wanyonge waliowakimbia wenye nguvu. Wala si lazima aliyeheshimiwa hivyo awe mtu wa hadithi za kale. Jemadari wa Sparta Brasidas alipouawa akiulinda mji wa Amphipolis mwaka 422 KK, wenyeji walimzika ndani ya mji, wakalizungushia kaburi lake ua, na wakaanza kumtolea sadaka na kumfanyia michezo kila mwaka. Thucydides, aliyetuandikia habari hizi, alikuwa jemadari katika vita hivyohivyo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, neno mzimu huenda likamsogeza karibu na heros kuliko neno shujaa, kwa sababu nalo linazungumza juu ya mfu mwenye nguvu, mahali maalumu na sadaka. Hata hivyo yapo ya kutofautisha. Mizimu ya ukoo hutambikiwa na wazao wake, ilhali heros ni wa mji mzima, na mara nyingine hana uhusiano wowote wa damu na wanaomtolea sadaka. Orestes hakuwa babu wa Wasparta wale. Walimchukua kwa kuwa walimhitaji.

Kutokana na hayo unaweza kuona nani aliyeamua. Wagiriki hawakuwa na kitabu kimoja kitakatifu, wala baraza la makuhani wa nchi nzima lenye mamlaka ya kumpandisha mtu cheo. Mji uliona dalili, pengine njaa, tauni au kushindwa vitani, ukatuma watu Delphi, Apollo akajibu, na ibada ikaanza. Mji wa jirani haukulazimika kuifuata. Ndiyo maana mtu yuleyule angeweza kuwa mungu mahali fulani na heros mahali pengine, bila yeyote kuona haja ya kulipatanisha jambo hilo.

Herakles ndiye mfano mkubwa wa hali hiyo, na sasa ninaweza kulijibu swali lako moja kwa moja. Zingatia kwanza kwamba Iliad haijui kabisa kupaa kwake. Katika kitabu cha 18, Achilles anapokubali kwamba atakufa, anajifariji kwa kusema kwamba hata Herakles mwenye nguvu, aliyependwa kuliko wote na Zeus, hakukiepuka kifo, bali majaliwa na hasira ya Hera vilimshinda. Kwa mtunzi wa maneno hayo Herakles ni mfu kama wafu wengine. Katika Odyssey, kitabu cha 11, mambo yamegeuka: Odysseus anamwona Herakles kuzimu akiwa na upinde mkononi, na papo hapo mtunzi anatuambia kwamba kile ni kivuli tu, kwani mwenyewe yuko kwenye karamu za miungu pamoja na mkewe Hebe. Wahakiki wa kale walishuku kwamba mistari hiyo iliongezwa baadaye, na mimi naona shaka yao ina msingi, kwa kuwa inasomeka kama jitihada ya kuunganisha simulizi mbili zisizokubaliana. Kuanzia karne ya 6 KK wachoraji wa vyombo vya udongo wa Athens wanamwonyesha Herakles akiingizwa Olympos, mara nyingi akiongozwa na Athena, na karne iliyofuata mshairi Pindar anamwita kwa maneno mawili yaliyowekwa bega kwa bega, heros na mungu. Tunaweza basi kuufuata uungu wake ukikua kizazi hadi kizazi.

Kwa nini ukue kwake yeye? Sababu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote ni kwamba Herakles hakuwa na kaburi. Alipovaa vazi ambalo mkewe Deianeira alilipaka damu ya Nessos, kiumbe nusu mtu nusu farasi aliyeuawa na Herakles, akidhani ni dawa ya mapenzi, na sumu ikaanza kumla mwili, alijipandisha juu ya rundo la kuni kileleni mwa mlima Oeta akateketea. Simulizi husema waliokuja kuikusanya mifupa hawakukuta hata mmoja. Kileleni pale wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta majivu ya sadaka nyingi pamoja na sanamu ndogo za shaba za Herakles, lakini palikuwa mahali pa moto, hapakuwa na kaburi. Hakuna mji wa Kigiriki uliojitapa kuwa na mifupa yake, na kwa kuwa hakuna uliommiliki, aliweza kuwa wa wote: alizaliwa Thebes, akamtumikia Eurystheus, mfalme wa upande wa Argos, akafanya kazi zake 12 kuanzia Nemea hadi mwisho wa dunia magharibi, na aliitwa aondoe mabaya katika nyumba za watu wa kawaida kila mahali. Heros anayeitikia wito popote amekwisha kupoteza kile kinachomfanya heros, nacho ni kufungwa mahali.

Simulizi nazo zilimtafutia haki ya kuvuka. Ilisemwa kwamba miungu walipopigana na Majitu walitabiriwa kuwa hawatashinda bila msaada wa mtu wa kufa, na mtu huyo alikuwa Herakles. Kwa hiyo Olympos ilimwia deni. Tena uadui wa Hera, aliyempelekea nyoka kitandani akiwa mtoto mchanga na kumtia wazimu uliomfanya awaue watoto wake, ulipaswa kumalizwa kisheria. Mwanahistoria Diodorus wa Sisilia anaeleza kwamba Hera alipanda kitandani, akamkumbatia Herakles mwilini mwake, na kumwachia ateleze chini kupitia ndani ya nguo zake kama anayezaa, na hivyo akamfanya mwanawe. Kwangu mimi maelezo haya yana uzito mkubwa, kwa sababu yanakiri kwamba kuzaliwa kwake kwa mara ya kwanza hakukutosha. Damu ya Zeus haikumfanya mungu. Ilibidi azaliwe tena, safari hii na mama asiyekufa. Jina lake, ambalo husomwa kuwa na maana ya utukufu wa Hera, lilibebwa baadaye na watu wengi, na kwa njia hiyo likafika hata kwetu, kwani kaisari Herekali wa utenzi ulioandikwa Pate mwaka 1728 anaitwa kwa jina lililotokana na lake.

Wagiriki wenyewe walilitafakari tatizo hili. Herodotus, akitaka kujua ukweli wa Herakles, alisafiri kwa meli hadi Tiro, katika Lebanon ya leo, ambako palikuwa na hekalu la kale sana la mungu Melqart, ambaye Wagiriki walimtambua kuwa Herakles, na ndani yake akaona nguzo mbili, moja ya dhahabu na nyingine ya zumaridi iliyong'aa usiku. Uamuzi wake ni kwamba Wagiriki wanaofanya sawasawa ni wale wenye mahali pawili pa Herakles, mmoja wakimchinjia kama asiyekufa wa Olympos, na mwingine wakimfanyia kama mfu. Mwanafalsafa Xenophanes alikuwa mkali zaidi. Watu wa Elea, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia, walipomwuliza kama wamtolee sadaka Leukothea na kumlilia, maana alikuwa binadamu aitwaye Ino kabla ya kuwa mungu wa baharini, aliwajibu kwamba wakimwona mungu wasimlilie, na wakimwona binadamu wasimtolee sadaka.

Achilles naye hakuachwa kuzimu na watu wote. Utenzi mmoja wa kale, uliopotea lakini ukabaki kwa muhtasari, ulisema Thetis aliinyakua maiti yake kutoka kwenye kuni za mazishi akaipeleka kisiwa cha Leuke, Kisiwa Cheupe, na kweli kisiwani humo, katika Bahari Nyeusi, mabaharia wa Kigiriki walimwomba Achilles kwa karne nyingi kama bwana wa maji yale. Lakini kaburi lake karibu na Troya halikusahauliwa, na Alexander Mkuu wa Makedonia, aliyejidai mzao wake, alilitembelea mwaka 334 KK na kulipamba. Mtu mwenye tuta linaloonekana na kila meli ipitayo mlango ule wa bahari ni vigumu kumwambia ulimwengu kwamba hakufa.

Kwa darasa lako, ningependekeza utumie neno shujaa mnapoisoma Iliad, kwa sababu humo watu hao wangali hai na wanapigana, na mnapofika kwenye ibada za miji mwaandikie wanafunzi neno heros lenyewe ubaoni, kisha mwanzie kwa Kleomedes na sanduku lake tupu.